Zulia la sufu lililofumwa kwa mkono: vumbi kwanza, maji baadaye

Swali. Msomaji wetu wa mtaa wa Himbi, Goma, anaandika: "Marehemu baba alituachia tapi kubwa la sufu, mita mbili kwa tatu, ambalo alilinunua Bujumbura miaka mingi iliyopita. Linakaa sebuleni. Rangi zake zimefifia kwa vumbi, mtoto amelimwagia chai ya maziwa, na juzi tulipohamisha kiti kikubwa niliona mahali ambapo manyoya yameliwa. Jirani ananishauri nililoweke katika sabuni ya unga na javeli kidogo (ile dawa ya maji ya kung'arisha nguo nyeupe), nilisugue kwa brashi ngumu, kisha nilianike juani juu ya mawe ya uani. Mume wangu anaona pia tuyakate matamvua yaliyosokotana. Mimi naogopa kuliharibu. Nifanye nini?"

Jibu. Mama, hofu yako ni ya haki. Katika ushauri wote uliopewa hakuna hata mmoja ambao sufu ingeustahimili, ingawa jirani yako amesema kwa nia njema, kwa kuwa ndivyo tunavyofua mapazia na mashuka ya pamba. Sufu ni nywele za mnyama, na pamba ni mmea. Kile kinachoing'arisha pamba ndicho kinachoila sufu. Tena nakuomba ubadilishe mpangilio wa kazi yenyewe. Unafikiria maji kwanza, nami nakusihi uyaweke mwisho kabisa, baada ya vumbi, baada ya wadudu, baada ya doa la chai, na huenda ukifika huko ukaona kwamba mwaka huu zulia halihitaji kuoshwa hata kidogo.

Kabla ya yote, lipindue zulia ulitazame kwa nyuma. Ukiona mapambo yale yale ya mbele yamejichora nyuma, fundo kwa fundo, na matamvua yakiwa ni ncha za nyuzi zinazopita ndani ya zulia zima, basi limefungwa kwa mkono na linaweza kuvumilia maji. Ukikuta nyuma kumefunikwa kitambaa kilichogandishwa kwa gundi, hilo ni la aina nyingine: manyoya yake yamechomekwa kwa kifaa katika turubai na kushikwa na mpira, na likilowekwa gundi hulegea, manyoya hung'oka na harufu mbaya haitoki tena. La namna hiyo halilowekwi kamwe. Kama una shaka iwapo ni sufu kweli, chomoa uzi mmoja mfupi upande wa nyuma, uushike kwa koleo mbali na zulia, uuchome kwa kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kubaki jivu jeusi linalosagika kwa vidole. Nyuzi za plastiki huyeyuka na kuganda kuwa kidonge kigumu.

Sasa vumbi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwetu Goma ndilo adui mkubwa kuliko chai, kuliko matope, hata kuliko miaka. Mji wetu umejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo. Mlima ule ulipolipuka tarehe 17 Januari 2002, moto wake ulipita katikati ya mji hadi ziwani, na tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena hadi pembezoni. Mawe yale yaliyoganda tunayavunja kujengea, tunayasaga kutandika barabarani, na magari yanayasaga zaidi kila siku. Vumbi linaloingia sebuleni kwako, kwa hiyo, si udongo laini wa shambani. Ni chembe za mwamba zenye ncha kali. Chembe hizo ni nzito, nazo hazibaki juu ambako ungeziona. Hushuka hadi kwenye shina la manyoya, pale yanapofungwa fundo, na kila mguu unapokanyaga hukata nyuzi kidogo kidogo, kazi ya msasa. Ndiyo maana zulia linaweza kuonekana safi juu huku likiota upara mahali pa kupitia watu. Na ukilimwagia maji likiwa na vumbi hilo, unatengeneza tope zito la chembe kali, na brashi ya jirani inamaliza kazi.

Namna ya kulitoa ni rahisi, ila inataka subira. Chagua siku kavu. Fagia sakafu iwe safi, tandaza shuka la zamani, kisha lilaze zulia juu yake kifudifudi, manyoya yakitazama chini. Pigapiga mgongo wake kwa kiganja au kwa kipande cha bapa cha mbao kilichofungwa kitambaa, polepole, sehemu kwa sehemu, ukianzia katikati kwenda pembeni, au waache watoto watembee juu yake bila viatu. Linyanyue, nawe utaona ule mchanga mweusi uliomwagika kwenye shuka. Kung'uta shuka nje, rudia. Utarudia mara kadhaa, na utaacha pale tu shuka litakapobaki karibu jeupe. Kama una mashine ya kufyonza vumbi na umeme upo, ipitishe kwa nyuma, kisha kwa mbele ukifuata upande ambao manyoya yamelalia. Ikiwa ina brashi inayozunguka, ifunge hiyo brashi au uiondoe, maana inachomoa sufu, na usiisogeze kwenye matamvua. Bila mashine, ufagio laini unatosha.

Desturi ya kulitundika zulia kwenye ukuta wa mawe au kwenye kamba na kulichapa kwa fimbo naichukia kwa moyo wote. Ndani ya zulia kuna nyuzi za urefu, yaani mtande, na za upana, yaani mshindio, ambazo mara nyingi ni za pamba. Katika zulia la umri wa lile la baba yako pamba hiyo imekwisha kukauka, na fimbo huikatia ndani bila wewe kuona. Miezi baadaye panatokea mpasuko, na kila mtu anajiuliza umetoka wapi.

Vumbi likishatoka, tazama palipoliwa. Sehemu iliyofunikwa na kiti kikubwa, yenye giza, isiyosogezwa, ndiyo makao ya nondo wa nguo, kidudu kidogo cha rangi ya majani makavu, kisichopenda mwanga. Yule anayeruka hali chochote. Hata kinywa cha kulia hana. Anayekula ni buu lake jeupe, ambalo lina uwezo usio wa kawaida wa kumeng'enya protini ya nywele, na hupenda zaidi sufu iliyochafuliwa kwa jasho, chakula au maziwa. Ndiyo sababu doa la chai halipaswi kungoja. Lipeleke zulia nje asubuhi, lilaze mgongo ukitazama jua kwa muda wa saa moja au mbili, kisha ligeuze kivulini uchane manyoya kwa brashi laini pande zote mbili, hasa pindoni. Mabuu hukimbia mwanga na mayai hudondoka yakisuguliwa. Kilichodondoka kikusanye na kukichoma au kukitupa mbali na nyumba. Osha sakafu iliyokuwa chini ya kiti, na usisahau nyufa za mbao ikiwa nyumba yako ni ya mbao. Rudia kazi hii kila wiki kwa mwezi mmoja au zaidi, kwa sababu mayai hayaanguliwi yote siku moja, na katika ubaridi wa Goma buu linaweza kuchukua miezi mingi kukua. Baridi kali ya friza, nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili mfululizo, huua mayai na mabuu pia, lakini zulia la mita tatu haliingii katika friza ya nyumbani, na umeme wetu hauahidi wiki mbili. Vidonge vyeupe vya kufukuza nondo sivishauri sebuleni: mvuke wake ni sumu, na mtoto anaweza kukidhania ni peremende.

Watu hudhani sufu huoza kwa sababu ya uzee. Mwaka 1949 mwanaakiolojia Sergei Rudenko alifukua katika milima ya Altai, kwenye kaburi lililojaa barafu, zulia la mafundo la karibu mita mbili kwa mbili, lenye umri wa zaidi ya miaka 2,300, na rangi zake nyekundu bado zinaonekana; leo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Ermitage, Saint Petersburg. Barafu ililiepusha na nondo, na ukungu, na jua, na nyayo. Hivyo vinne ndivyo vinavyoua zulia, nawe una uwezo juu ya vyote vinne.

Tuje kwenye chai ya maziwa. Kwa siku nyingine ikimwagika, usisugue. Bonyeza kwa kitambaa cheupe kikavu, ukibadilisha sehemu ya kitambaa mara kwa mara, kutoka ukingo wa doa kuelekea katikati ili lisitanuke. Kisha lowesha kidogo kwa maji baridi na kubonyeza tena. Maji ya moto hugandisha maziwa ndani ya sufu, kwa hiyo yaepuke hata kama mkono unayatamani. Doa lako limekwisha kukauka. Chukua lita moja ya maji ya baridi, utie kijiko kimoja kidogo cha shampuu nyepesi isiyo na rangi, uchovye sifongo, uikamue hadi ibaki na unyevu tu, halafu gusa na kubonyeza, gusa na kubonyeza. Baadaye fanya vivyo hivyo kwa mchanganyiko wa sehemu moja ya siki nyeupe na sehemu tatu za maji, maana asidi hafifu hulegeza rangi ya majani ya chai na kuituliza sufu baada ya sabuni. Malizia kwa maji matupu. Ikiwa kivuli cha rangi ya kahawia kitabaki, kubali kibaki. Anayelazimisha kukiondoa huishia kuondoa rangi ya zulia, na weupe ule haurekebishiki. Kwa kuwa umeme hukatika na mishumaa huwashwa, niongeze hili: nta ikidondoka, iache igande kabisa, ibanduke kwa ncha ya kijiko, kisha mabaki uyafunike kwa karatasi nyeupe isiyoandikwa na kupitisha juu pasi ya uvuguvugu tu, ukibadilisha karatasi inaponyonya.

Kuhusu sabuni ya unga na javeli, nieleze sababu ili nawe umweleze jirani. Uzi wa sufu umejengwa kwa keratini, protini ile ile ya nywele na kucha zetu, nao umefunikwa kwa magamba madogo sana. Sabuni ya unga ina alkali kali, na nyingi huongezewa vimeng'enya vilivyotengenezwa makusudi kula madoa ya protini, kama damu na mayai. Vimeng'enya hivyo havitofautishi doa na uzi. Alkali nayo huyafungua magamba, na ukiongeza joto na kusugua, magamba hushikana yasiachane tena. Zulia hujikunja, hupungua na kuwa gumu. Javeli ni mbaya zaidi: kipande cha sufu kikiachwa ndani yake huwa cha njano, kisha hulainika na kuyeyuka. Jaribu kwa uzi mmoja tu katika kikombe, utaona mwenyewe.

Ikiwa baada ya haya yote zulia bado linanuka au manyoya yananata mkononi, hapo ndipo tunafikiri maji. Kwanza pima rangi. Lowesha kitambaa cheupe, kiweke juu ya kila rangi kwa dakika kumi ukikikandamiza kwa kitu kizito kisichotoa rangi, na uanze na nyekundu na rangi za giza. Kisha rudia kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya sabuni yale utakayotumia. Kitambaa kikipata rangi yoyote, acha. Tangu William Perkin alipogundua rangi ya kwanza ya viwandani mwaka 1856, mazulia mengi yametiwa rangi za aina hiyo, nyingine imara kabisa, nyingine zinazotoka kwa tone la maji, na kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Ngoja kiangazi, Juni hadi Agosti. Jamaa zetu wa Lubumbashi wana hewa kavu kuanzia Mei na zulia hukauka kwao upesi, pamoja na kuwa vumbi lao jekundu lina adha zake; sisi tuna ubaridi na unyevu wa ziwa, na zulia ambalo halijakauka ndani ya siku mbili huanza kuota ukungu katika pamba ya ndani. Fikiria pia maji yenyewe. Wengi tunatumia maji ya Kivu, na maji ya juu ya ziwa hili yana alkali, yakikaribia kipimo cha 9 pale ambapo maji matupu yana 7. Yanafaa kwa kuosha, lakini suuza ya mwisho iwe na siki, vijiko vinne vikubwa kwa kila lita tano. Maji ya mvua ni mazuri zaidi, ila yale yaliyokingwa kwenye mabati yaliyoliwa na kutu yana chuma, na chuma huacha madoa ya kahawia yasiyotoka. Yaliyokingwa mara baada ya majivu ya volkano kuanguka usiyatumie kabisa.

Chagua sakafu ya saruji iliyosafishwa na yenye mteremko kidogo, si uani kwenye changarawe. Huhitaji kuloweka. Lowesha kwa maji baridi, paka maji yenye shampuu kidogo kwa sifongo au brashi laini ya nguo ukifuata upande wa manyoya, fanya nusu mita kwa wakati, wala usizungushe mkono. Suuza mara nyingi kuliko unavyodhani inatosha, kwa sababu sabuni inayobaki huvuta uchafu mpya kwa haraka. Hapa bidoni kadhaa zitakwisha, na kama huna maji ya kutosha ni afadhali usianze. Sukuma maji nje kwa ubao laini au kiganja, tena kwa kufuata manyoya. Usilikamue. Wala usilipeleke kwa vijana wanaoosha magari kwa pampu ya nguvu, kwa sababu mshindo ule hutenganisha mafundo.

Kukausha ndiko kunakoshinda wengi. Zulia la ukubwa wako lina uzito wa kilo 20 hivi likiwa kavu, na likilowa huweza kuzidi mara mbili yake. Kamba au ukuta hauwezi kulibeba bila mtande kuvutika na zulia kupinda umbo maisha yote. Tafuta watu wanne, mlibebe likiwa bapa, mlilaze juu ya vitanda viwili visivyo na magodoro au juu ya miti iliyopangwa kwenye mabenchi, ili hewa ipite juu na chini. Liwe kivulini penye upepo; jua la Ikweta katika mwinuko wetu wa karibu mita 1,500 hupausha rangi upesi. Ligeuze kila baada ya saa chache. Usiamini uso wake, kwa sababu sufu huweza kubeba unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake bila mkono kuhisi kwamba imelowa. Bonyeza kiganja nyuma penye mafundo ukisubiri kidogo: ukihisi ubaridi, bado. Jikoni lisikaribie, wala jiko la makala lisiwekwe chini yake ili kuharakisha, kwa ajili ya moshi na kwa ajili ya moto wenyewe.

Likirudi sebuleni, usitandaze plastiki chini yake. Saruji iliyojengwa juu ya mawe hupandisha unyevu, na plastiki huufungia ndani. Mkeka mkavu au blanketi la zamani la sufu linafaa zaidi. Kila miezi sita ligeuze, kichwa kikae miguuni, ili jua la dirishani na nyayo vigawane pande zote, na mara moja kwa mwezi kisogezeni kiti kile kikubwa. Viatu vibaki mlangoni. Hilo peke yake litapunguza zaidi ya nusu ya kazi niliyoieleza. Ukisafiri muda mrefu, livingirishe kwenye mti laini kwa upande manyoya yanakolalia, bila kulikunja, ulifunge kwa shuka jeupe la pamba, maana kitenge kipya kinaweza kutoa rangi.

Kwa Baba nyumbani, tafadhali mwombe aweke mkasi chini. Matamvua si pambo lililoshonwa pembeni. Ndizo ncha za ule mtande unaoshika kila fundo, na yakikatwa hadi pindoni mafundo huanza kufunguka safu kwa safu. Yaloweshe kidogo kwa maji yenye siki, yafumue kwa vidole kuanzia nchani kuelekea kwenye zulia, kisha yaache yakauke yakiwa yamenyooshwa. Ukiona mstari wa mwisho wa mafundo umekwisha kulegea, chukua sindano butu na uzi wa pamba wenye unene unaolingana, ushone pindo kwa mishono ya kuzungushia, kila mshono ukishika nyuzi mbili au tatu za mtande na kuingia ndani kupita mshindio wa pili. Fanya hivyo kabla ya kuliosha, kwa sababu pindo lililolegea hufunguka zaidi ndani ya maji.